Chumvi Iliyomo Ndani ya Ng'onda

Ndugu msomaji, ukipimwa zahanati ukaambiwa una presha, mganga atakwambia upunguze chumvi. Huku kwetu Kibiti, hasa vijiji vya delta, wengi hufikiri ni chumvi ya kopo tu.

"Mimi chumvi sitii, mwanangu," mzee mmoja aliniambia. Nikamuuliza, "Mzee wangu, kitoweo ni nini?" Akajibu, "Papa." Basi! Papa yule alipakwa chumvi tele kabla ya kuanikwa, asije akaoza. Ng'onda ni hivyo hivyo.

Chumvi huvuta maji. Ukila nyingi, maji hubaki mwilini, damu huongezeka ndani ya mishipa, na moyo husukuma kwa nguvu. Enyi wakulima wa mpunga, mnajua maji ya bamvua yanavyosukuma tuta. Mwanzoni huoni kitu. Kisha tuta linabomoka. Presha nayo mara nyingi haiumi. Lakini mshipa wa kichwani ukipasuka au ukiziba, hicho ni kiharusi: mkono na mguu wa upande mmoja hulegea, mdomo huenda upande. Wengine husema ni jini, wakachelewa. Mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku. Hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai, kisichojaa kilima. Chumvi ya ng'onda imo katika hesabu hiyo.

Samaki mbichi ndiye bora, na delta hatumkosi. Ukiwa na ng'onda tu, mloweke usiku kucha. Badilisha maji mara mbili au tatu, uyamwage, usiyapikie. Chumvi itapungua, haitakwisha. Kwa hiyo kula kipande kidogo, tena si kila siku. Mchuzi usitiwe chumvi nyingine. Tia ndimu, embe bichi au kitunguu saumu. Siku za kwanza utaona chakula chapwa (mimi pia nilinung'unika), lakini ulimi huzoea.

Mwenye kisukari pia, nusu ya sahani yake iwe mboga kama matembele au bamia. Robo iwe wali au ugali, robo samaki au kunde. Tui liwe jepesi. Chai isitiwe sukari.

Dawa usiache kwa kujisikia mzima. Muulize mganga kwanza.

Yule mzee nilimwambia siku ya kliniki aende na mkewe, maana yeye ndiye mpishi. Mama alisikiliza, kisha akauliza, "Kumbe yale maji ya kulowekea ni ya kumwaga? Mimi nayapikia mchuzi."