Karafuu isiyonukia

Ukipita Pemba wakati wa vuno, karafuu huisikia kabla hujaiona. Imeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, na harufu yake hukufuata hadi ndani ya gari. Shangazi yangu amechambua karafuu na makonyo yake tangu utotoni. Mwaka 2021 aliugua UVIKO-19. Homa ilimwacha baada ya wiki moja, lakini siku aliyorudi jikoni aliunguza wali hadi moshi ukatanda, na aliyeshtuka ni mjukuu aliyekuwa uani.

“Mwanangu, siumwi tena,” aliniambia kwenye simu. “Ila sisikii kitu. Karafuu naitia mdomoni, naitafuna, kama natafuna kijiti.”

Alipokwenda kueleza shida yake kwenye kituo cha afya, aliambiwa ameshapona, akapumzike. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu tatizo lake lilikuwa la kweli na lilikuwa na maelezo.

Mwanzoni wengi tulidhani virusi vya korona vinaua neva za harufu. Mwaka 2020 watafiti wa Harvard walionyesha kwamba ACE2, protini ambayo virusi hivi huitumia kama mlango, haipatikani kwenye neva hizo bali kwenye seli zinazozishikilia na kuzitunza. Watunzaji wakiugua, neva nazo hunyamaza. Bahati njema ni kwamba seli hizo huzaliwa upya, ndiyo maana wengi hurudiwa na harufu baada ya wiki chache.

Lakini si wote. Na kuna wanaorudishiwa kitu kingine kabisa. Kiswahili chetu hutenganisha kunukia na kunuka. Kwa wagonjwa hawa mpaka huo huvunjika. Kahawa iliyonukia sasa inanuka, kitunguu kikikaangwa wanakimbia jiko.

Athari haziishii puani. Machi 2022, Gwenaëlle Douaud na wenzake wa Oxford walichapisha katika jarida la Nature utafiti wa watu 785 wa Uingereza, wenye umri wa miaka 51 hadi 81, waliopigwa picha za ubongo mara mbili. Kati yao 401 waliambukizwa korona baada ya picha ya kwanza. Picha ya pili ilionyesha ubongo wao umepungua kuliko wa wenzao, kwa asilimia 0.2 hadi 2, hasa katika sehemu zinazohusiana na harufu. Wengi wao hawakulazwa hata siku moja.

Kulikuwa na mazito zaidi. Wuhan, kati ya wagonjwa 214 waliolazwa mwanzoni mwa janga, zaidi ya theluthi walikuwa na dalili za mfumo wa neva, kuanzia kizunguzungu hadi kiharusi. New York, madaktari walipokea ndani ya wiki mbili wagonjwa watano wa kiharusi wasiofika miaka 50. Damu huganda ikaziba mshipa. Au kinga ya mwili hugeuka na kushambulia neva, miguu ikalegea. Wengine hubaki na ukungu kichwani: mwalimu anasahau jina la mwanafunzi aliyemfundisha miaka mitatu, muuza duka anashindwa kujumlisha chenji. Wakiitwa wavivu, huo ni uonevu.

Kwa harufu, dawa iliyo rahisi kuliko zote ni mazoezi. Thomas Hummel wa Dresden, Ujerumani, aliyachapisha mwaka 2009, kabla korona hii haijajulikana: mgonjwa hunusa harufu nne, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Harufu zenyewe ni waridi, limau, mkaratusi na karafuu. Nilipozisoma nilisimama. Nyumbani kwa shangazi kuna mrashi wa marashi ya waridi, mlimau uko uani, majani ya mkaratusi hayako mbali, na karafuu ndiyo maisha yake.

Nilimweleza, akaanza siku ileile. Mazoezi haya hayamponyi kila mtu, nalo nilimwambia. Nikamwomba pia ndugu mwingine awe anakagua mtungi wa gesi na maziwa kila siku, maana asiyesikia harufu hana wa kumwonya.

Mwezi wa tatu wa mazoezi, simu ililia alfajiri.

“Mwanangu, leo nimesikia limau.”

“Na karafuu, shangazi?”

“Bado. Lakini naishika hapa mkononi.”