Jina la duka la Kinindo huvuka mpaka kabla ya mzigo

Mnunuzi wa jumla aliyeko Kigoma anapoona picha za bidhaa za duka la Kinindo, kusini mwa jiji la Bujumbura, hawezi kuishika bidhaa wala kumtazama muuzaji usoni. Anachoweza ni kuuliza kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara wenzake: "Huyu mnamjua? Ni mtu wa kuaminika?" Majibu ya dakika chache zinazofuata ndiyo huamua kama fedha itatumwa au haitatumwa.

Zamani swali hilo lilijibiwa na dalali, na dereva wa lori au na ndugu aliyeishi ng'ambo ya ziwa. Leo linajibiwa na watu ambao pengine hawajawahi kufika Bujumbura, lakini wameona kwenye simu jinsi duka hilo linavyozungumza na wateja wake. Kwa mfanyabiashara wa mipakani ambaye mteja wake hulipa kwanza na kupokea baadaye, jina baya mtandaoni ni sawa na kufungiwa mlango wa duka.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtandaoni hata chema hakijiuzi chenyewe. Kinahitaji mtu wa kukisemea kila siku, hasa siku mambo yanapoharibika.

Malalamiko hujibiwa hadharani

Mambo huharibika mara nyingi. Lori hukwama Kobero, mpakani mwa Burundi na Tanzania. Mafuta huadimika Bujumbura na gari la kusambaza mzigo likalala. Mteja hajui hayo. Anachojua ni kwamba ametuma fedha na simu haipokelewi. Ndipo anapoandika chini ya picha ya duka kwenye Facebook au Instagram: "Hawa ni matapeli."

Muuzaji mwenye papara hufuta maneno hayo na kumzuia aliyeandika. Hilo huwa kosa la pili juu ya la kwanza, kwa sababu mteja amekwisha kupiga picha ya skrini, na sasa ana habari mpya ya kusambaza: duka limemnyamazisha.

Jibu linalookoa jina hutolewa pale pale lalamiko lilipoandikwa, na huwa na mambo matatu: pole, ukweli wa mzigo ulipo, na ahadi yenye tarehe. Kwa mfano: "Pole kwa usumbufu, dada. Mzigo uko Kobero tangu jana, unasubiri kukaguliwa. Kesho saa nne asubuhi nitakupa taarifa nyingine. Usipofika kufikia Ijumaa, nitakurudishia fedha yako." Mambo ya risiti, namba za simu na kiasi kilicholipwa hupelekwa kwenye ujumbe wa faragha. Mzigo ukifika, muuzaji hurudi pale pale na kuandika kwamba umefika.

Jibu la namna hiyo husomwa na wengi kuliko yule mteja mmoja. Kila anayepita hapo huona kwamba hata mzigo ukichelewa, mwenye duka hakimbii.

Lugha nayo ina uzito. Mteja wa Kinindo anaweza kulalamika kwa Kirundi au Kifaransa, wa Kigoma kwa Kiswahili. Anayejibiwa kwa lugha aliyoitumia huona amesikilizwa. Kwa mteja wa nchi jirani, Kiswahili ndicho daraja la kwanza.

Bei iwe na tarehe

Chanzo kingine cha ugomvi ni bei. Maduka mengi ya mtandaoni katika ukanda huu huweka picha na kuandika "bei njoo inbox". Mteja huanza kushuku kwamba kila mtu anapewa bei yake kulingana na anavyoonekana. Wengine huandika bei kisha huisahau. Faranga ya Burundi ikishuka thamani, mteja huja na tangazo la miezi miwili iliyopita na kudai auziwe kwa bei hiyo.

Dawa yake ni ndogo: kuandika bei pamoja na tarehe na muda itakaodumu. Hali ya WhatsApp, inayojifuta baada ya saa 24, inafaa sana kwa bei ya leo. WhatsApp Business, programu iliyotolewa mwaka 2018 kwa ajili ya biashara ndogo, ina orodha ya bidhaa na ujumbe wa kujibu mteja duka linapokuwa limefungwa. Mteja akijibiwa usiku kwamba duka hufunguliwa saa mbili asubuhi, hatadhani amekimbiwa.

Kwa mwenye nyumba ya wageni au mgahawa, nyota za kwenye ramani ya Google ndizo humfikia mgeni kabla hajashuka kwenye ndege. Mwenye biashara anaweza kujisajili kama mmiliki, kurekebisha saa za kazi na kuwajibu walioandika. Maoni ya uongo au matusi anaweza kuomba yaondolewe. Maoni mabaya yaliyo ya kweli hubaki, na kinachoweza kuyapunguza makali ni jibu la staha.

Funzo la viazi vya Nairobi

Hata wakubwa huteleza. Januari 2022, wateja wa KFC nchini Kenya waliambiwa chipsi zimeisha kwa sababu shehena ya viazi kutoka nje ilikuwa imechelewa. Kampuni ilieleza kwamba wauzaji wa viazi wanapaswa kwanza kupitia taratibu zake za ubora. Katika nchi inayolima viazi kwa wingi, maelezo hayo yalizidisha hasira, na wito wa kususia ukaenea mtandaoni. Ndani ya siku chache kampuni ikasema itanunua kwa wakulima wa ndani.

Maelezo ya kwanza yalieleza taratibu za kampuni. Yaliyofuata yalieleza kampuni itafanya nini. Muuzaji wa Kinindo hana ofisi ya uhusiano, lakini anaweza kuanza na maelezo ya pili.

Hasira ina sheria

Kumjibu mteja kwa matusi, au kuanika picha yake na namba yake ya simu ili kumwaibisha, kunaweza kumfikisha muuzaji mbele ya sheria. Tanzania ina sheria ya makosa ya mtandao tangu 2015, Kenya tangu 2018, na Burundi ilipitisha yake 2022. Anayeuza nchi tatu huandika akijua maneno yake yanasomwa katika nchi zote tatu.

Wapo pia wanaoiba jina. Tapeli huchukua picha na jina la duka, hufungua akaunti feki na kupokea fedha za wateja. Kinga ni kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili, kuwa na namba moja ya malipo, na kuwakumbusha wateja mara kwa mara waangalie jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo.

Mali bila daftari

Wafanyabiashara wa Bujumbura wanajua maana ya kupoteza mahali walipozoeleka. Soko kuu la jiji liliteketea Januari 27, 2013, na wenye meza wakatawanyika. Mwaka 2015, wakati wa maandamano, WhatsApp, Facebook na Twitter zilizimwa kwenye simu. Siku ya uchaguzi wa Mei 20, 2020, mitandao ilifungwa tena.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na wateja nao ni mali. Namba zao zikiandikwa kwenye daftari la karatasi, pamoja na mzigo wa kila mmoja na deni lake, duka linaweza kupiga simu ya kawaida au kutuma ujumbe mfupi hata siku mtandao ukizimwa. Mteja anayepigiwa siku hiyo kuambiwa mzigo wake ulipo hatasahau.

Na siku mtu wa Kigoma atakapouliza tena kwenye kundi kama duka hilo la Kinindo linaaminika, huenda atakayelitetea ni yule ambaye mzigo wake ulichelewa, lakini kila siku alijua umefika wapi.