TIMU ILIYOUZA UWANJA WAKE

Wapenzi wa mpira wana desturi moja duniani kote. Timu yao ikishinda, husema, "Tumeshinda." Hata mzee ambaye hajapiga mpira tangu utoto wake husema hivyo. Hasemi, "Wameshinda." Kwake timu ni yake.

Lakini je, timu ni mali ya nani hasa? Ni ya wachezaji? Ni ya wapenzi wake? Au ni ya yule ambaye jina lake limeandikwa katika hati? Katika mji wa Coventry, nchini Uingereza, swali hili lilileta ugomvi wa miaka mingi. Habari zake zinafaa kusomwa na kila mtu mwenye chama, ushirika au timu.

TIMU YA WATENGENEZA BAISKELI

Coventry ni mji wa viwanda. Uko katikati ya Uingereza. Zamani ulijulikana sana kwa kutengeneza baiskeli. Mwaka 1883 wafanyakazi wa kiwanda cha baiskeli cha Singer walianzisha timu ya mpira. Mwaka 1898 timu hiyo ilipewa jina la Coventry City.

Mwaka 1899 timu ilihamia katika uwanja ulioitwa Highfield Road. Ilicheza hapo kwa miaka 106. Baba alimpeleka mwanawe, na mwana akampeleka mjukuu. Mwaka 1967 timu ilipanda daraja la juu kabisa. Ikakaa huko miaka 34. Mwaka 1987 ilichukua Kombe la FA kwa kuifunga Tottenham Hotspur mabao 3 kwa 2.

Baadaye viongozi wa klabu walitaka uwanja mpya na mkubwa zaidi. Wakauza Highfield Road. Lakini fedha zikapungua kabla uwanja mpya haujaisha. Mwaka 2001 timu ilishuka daraja, na madeni yakawa mengi. Klabu ikauza hata fungu lake katika kampuni ya uwanja mpya.

Uwanja ulifunguliwa mwaka 2005. Unaingiza watu zaidi ya 32,000. Lakini haukuwa wa klabu. Kampuni iliyouendesha ilikuwa ya wawili: nusu ya Halmashauri ya Jiji, na nusu ya shirika moja la hisani. Mahali pa Highfield Road pakajengwa nyumba za kukaa. Klabu iliyokuwa na kwake ikawa mpangaji.

Sisi wakulima tunajua maana ya kukodi shamba. Mwenye kukodi hupanda mahindi, hapandi michungwa. Hajui kama mwakani atakuwapo.

UGOMVI WAANZA

Mwisho wa mwaka 2007 klabu ilinunuliwa na kampuni ya fedha ya London iitwayo SISU. Kazi ya kampuni za namna hiyo ni kuweka fedha mahali zinapoweza kuzaa faida. Lakini timu haikupanda. Mwaka 2012 ilishuka tena, mpaka daraja la tatu.

Kodi ya uwanja ilikuwa zaidi ya pauni milioni moja kwa mwaka. Mwaka 2012 wenye klabu waliacha kuilipa. Walisema kodi hiyo ni kubwa mno kwa timu ya daraja la tatu. Tena walisema faida ya vyakula na vinywaji vinavyouzwa uwanjani haiingii katika mfuko wa klabu.

Upande wa uwanja nao ulikuwa na hoja yake. Mkataba ni mkataba. Uwanja umejengwa kwa msaada wa fedha za umma. Kama mpangaji halipi, nani atalipa deni la benki? Mwezi wa Januari 2013 Halmashauri iliikopesha kampuni ya uwanja pauni milioni 14.4 ili imalize deni hilo. Wenye klabu wakakasirika. Wakaenda mahakamani wakidai kwamba mkopo huo si halali.

Mwezi wa Machi 2013 kampuni ya klabu iliwekwa chini ya msimamizi wa madeni. Kwa sheria za ligi, timu ikanyang'anywa pointi 10. Mwezi wa Agosti ikanyang'anywa pointi 10 nyingine. Wachezaji hawakuwa wamekosa kitu. Wapenzi hawakuwa wamekosa kitu. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

WATU JUU YA KILIMA

Kisha likaja jambo lililowauma watu kuliko yote. Wenye klabu waliihamisha timu. Msimu wa 2013 ulipoanza, Coventry City ilikuwa ikicheza michezo yake ya nyumbani katika mji wa Northampton. Mji huo uko mbali kiasi cha kilometa 55. Huku nyuma, uwanja mkubwa wa Coventry ulikaa bila timu yake.

Watu wa Coventry walikasirika sana. Waliandamana. Waliwaandikia viongozi wa ligi na wabunge. Wengi walisema, "Hatuendi Northampton. Hatutoi hata senti moja zaidi kwa watu hawa." Kabla ya hapo, watu zaidi ya 10,000 walikuwa wakifika uwanjani kila mchezo. Huko Northampton walioingia walikuwa kama 2,300 tu kwa wastani.

Lakini mapenzi hayana dawa. Karibu na uwanja wa Northampton kuna kilima. Mtu akisimama juu yake, huona sehemu ya kiwanja. Baadhi ya wapenzi walisafiri mwendo wote huo, wakafika mlangoni, wakakataa kuingia. Wakapanda kilima. Wakasimama hapo, mvua na baridi, wakiimba na kuishangilia timu yao kutoka nje. Kiingilio hawakulipa. Kilima hicho walikipa jina la kocha wao wa zamani, Jimmy Hill, aliyeipandisha timu mwaka 1967. Neno "hill" kwa Kiingereza maana yake ni kilima.

Si wote waliokubaliana. Wengine walisema, "Wachezaji wana kosa gani? Tukiwaacha peke yao, timu itakufa." Hao walilipa kiingilio wakaingia. Wale wa kilimani wakawalaumu. Wao nao wakajibu. Watu waliokaa pamoja miaka mingi wakatazamana kwa hasira. Hiyo nayo ni hasara, ingawa haiandikwi katika daftari la fedha.

MAHAKAMA NA NJIA YA KURUDI

Mwezi wa Juni 2014 Mahakama Kuu iliamua kwamba mkopo wa Halmashauri ulikuwa halali. Wenye klabu wakakata rufani. Mwaka 2016 wakashindwa tena.

Mwezi wa Septemba 2014 timu ilirudi Coventry. Siku hiyo ya kwanza watu zaidi ya 27,000 walifika, na timu ikashinda bao 1 kwa 0. Watu wakadhani shida imekwisha. Lakini wiki chache baadaye kampuni ya uwanja iliuzwa. Haikuuzwa kwa timu ya mpira. Iliuzwa kwa Wasps, klabu ya raga kutoka upande wa London. Safari hii wapenzi wengi waliilaumu Halmashauri pia.

Kesi nyingine zikafuata. Mwaka 2017 timu ilishuka mpaka daraja la nne. Mwaka 2019, kwa ajili ya kesi hizo, mapatano ya uwanja yalishindikana. Timu ikahama tena, ikaenda kucheza Birmingham kwa miaka miwili.

Mwaka 2022 klabu ya raga ikafilisika, na uwanja ukauzwa kwa tajiri mwingine. Mwezi wa Januari 2023 klabu ya Coventry City ikapata mwenyewe mpya, Bwana Doug King. Mwezi wa Agosti 2025 klabu ikaununua uwanja. Tangu ilipotoka Highfield Road ilikuwa imepita miaka 20.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, mali ya msingi haiuzwi kwa haraka. Kama ni kiwanja, ghala au mashine ya kusaga, tusiiuze ya zamani kabla ya kuishika mpya mkononi.

Pili, mkataba usomwe kabla ya kutiwa sahihi. Tuulize: kodi ni kiasi gani? Mapato ya vyakula na ya maegesho ni ya nani? Tukipata hasara, kodi itapungua? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, wakubwa wakigombana, wanachama wasikae kimya. Watu wa kilimani hawakuwa na hisa wala hati. Lakini viti vitupu viliwaonyesha wenye klabu kwamba timu bila watu wake ni jina tu.

Nne, wanachama wasiruhusu ugomvi wa wakubwa uwe ugomvi wao. Aliyeingia uwanjani na aliyebaki kilimani walikuwa wakiipenda timu moja.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kiwanja cha mpira cha kijiji chetu ni mali ya nani? Hati yake iko wapi?
2. Ungekuwa mtu wa Coventry, ungeingia uwanjani au ungepanda kilima? Kwa nini?
3. Ni nani aliyekuwa na haki katika ugomvi huu: wenye klabu au Halmashauri? Au kila mmoja alikuwa na kosa lake?