Asubuhi hesabu, mchana kikapu

Ringi ya mpira wa kikapu ina upana wa sentimeta 45.7 kutoka ukingo hadi ukingo. Mpira wenyewe, ule wa wanaume, una kipenyo cha karibu sentimeta 24. Kwa hesabu ya harakaharaka tundu ni karibu mara mbili ya mpira, na mtoto aliyekosa mtupo ana haki ya kuuliza kwa nini basi mpira wake umegonga chuma. Jibu liko kwenye pembe. Mpira unaodondoka wima kutoka juu hukuta tundu zima. Unaokuja kwa ulalo, kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka usawa wa ringi, hukuta tundu limefinyika hadi nusu, sentimeta 22.9, dogo kuliko mpira wenyewe. Hapo hata bingwa hapitishi bila kugusa chuma. Mpe mwanafunzi wa darasa la saba penseli, rula na kipimapembe, achore pembetatu mraba yenye pembe ya nyuzi 30, kisha apime. Ataona upande unaoikabili pembe ile ni nusu ya hipotenusi, kama tundu lililofinyika lilivyo nusu ya ringi, achore kubwa, achore ndogo. Baada ya hapo mtoe uwanjani, umwambie anyanyue kiwiko na kuurusha mpira juu zaidi. Akifikisha nyuzi 45, tundu limefunguka hadi sentimeta 32.

Masomo ya namna hii ndiyo roho ya programu zinazofunguliwa kila Juni hadi Agosti katika miji mingi ya Marekani kwa wanafunzi wa shule za kati, yaani darasa la sita hadi la nane, watoto wa miaka 11 hadi 14. Asubuhi wanasoma, mchana wanacheza. Waandaaji ni vyuo vikuu, makanisa, klabu za vijana, matawi ya YMCA, na mara nyingine shule zenyewe. Baadhi ni madarasa ya kweli yenye uwanja nyuma yake. Nyingine, tusifichane, ni kambi za kikapu zilizochapa neno elimu kwenye fulana ili mfadhili alegee.

Tena kikapu na darasa hawakukutana jana. Mchezo huu ulibuniwa na mwalimu, James Naismith, Desemba 1891 mjini Springfield, Massachusetts, katika chuo cha YMCA. Alikabidhiwa darasa la vijana 18 watukutu waliokwisha kuwashinda walimu wawili, akapewa wiki mbili atafute mchezo wa ndani wa kuwatuliza wakati wa baridi. Akatundika vikapu viwili vya matunda kwenye roshani. Urefu wa roshani ile, futi 10, au sentimeta 305, ndio urefu wa ringi hadi leo.

Lakini aliyeviunganisha hasa kwa ajili ya watoto wa kiangazi ni mtumishi wa idara ya bustani za jiji la New York, Holcombe Rucker. Alizaliwa mwaka 1926, akaacha shule akiwa kijana, akaenda Vita ya Pili ya Dunia, akarudi na kujiendeleza hadi kupata shahada. Kuanzia 1948 alisimamia viwanja vya watoto mtaani Harlem, na mwaka 1950 akaanzisha mashindano ya kiangazi yenye madaraja kwa umri: wa shule za kati kivyao, wa sekondari kivyao, wa vyuo kivyao. Sharti lake lilijulikana mtaa mzima. Ripoti ya shule ilitangulia viatu. Wanaomkumbuka husimulia kwamba masomo yaliendelea palepale bustanini, kati ya mechi na mechi, na kwamba Rucker, ambaye baadaye alifundisha Kiingereza katika shule ya kati ya Harlem, hakuona aibu kumsahihishia mtu sarufi mbele ya watazamaji. Kaulimbiu yake ilikuwa kila mmoja amfunze mwenzake. Mamia ya vijana waliopitia mikononi mwake walipata nafasi vyuoni. Yeye alifariki kwa saratani mwaka 1965, hajafikisha miaka 40, na mwaka 1974 kiwanja cha Mtaa wa 155 kikapewa jina lake.

Mastaa wakubwa wakaja kucheza kwenye mashindano hayo, akina Wilt Chamberlain na Julius Erving, na kadiri miaka ilivyokwenda jina la Rucker likawa la danki na vishindo vya mashabiki. Ripoti za shule zikabaki hadithi ya wazee. Ndiyo hatari ya kazi hii tangu mwanzo: mpira una kelele, daftari halina.

Kwa nini kiangazi? Likizo ya Marekani ni ndefu, wiki kumi na kuendelea. Wengi hudhani ni urithi wa wakulima waliohitaji watoto shambani, ilhali kupanda ni majira ya kuchipua na mavuno makubwa ni majira ya vuli. Joto la mijini na safari za wenye uwezo vilichangia zaidi kuifikisha ratiba ilipo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, wakiongozwa na Karl Alexander na Doris Entwisle, walianza mwaka 1982 kuwafuatilia watoto karibu 800 wa darasa la kwanza mjini Baltimore. Waligundua kwamba shule zikiwa wazi, watoto wa maskini na wa wenye nacho hupiga hatua karibu sawa. Shule zikifungwa, wa wenye nacho huendelea kusonga, wa maskini husimama au kurudi nyuma. Walipofika darasa la tisa, kama theluthi mbili za pengo kati yao zilitokana na viangazi vya shule ya msingi.

Matokeo hayo yalinukuliwa mno hata yakawa kama msahafu. Mwaka 2019 Paul von Hippel wa Chuo Kikuu cha Texas akaandika kwamba alipojaribu kuyapata tena kwa mitihani ya kisasa, hayakujirudia. Sehemu kubwa ya pengo, alisema, tayari ipo kabla mtoto hajaingia darasa la kwanza. Wataalamu bado wanavutana. Kwangu mimi ubishi huo ni muhimu kwa anayeandika vitabu kuliko kwa mama wa mtoto wa miaka 12. Pengo liwe limezaliwa kiangazi au limezaliwa utotoni, wiki kumi za kukaa na simu sebuleni hazilipunguzi. Halafu kuna suala la tumbo. Mamilioni ya watoto wa Marekani hula chakula cha mchana cha shule bure au kwa bei ya chini, na shule zikifungwa sahani ile inaondoka. Ndiyo maana programu nzuri huanza siku na kifungua kinywa, na serikali ya shirikisho ina mpango maalumu wa kulipia milo ya kiangazi.

Serikali hiyohiyo iliwahi kufanya zaidi ya hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, miji ikiwa inawaka kwa ghasia, ilishirikiana na chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kufungua viwanja vya vyuo vikuu kwa watoto wa miaka 10 hadi 16 wa familia za kipato cha chini. Kwa wiki kama tano walipimwa afya, wakala, wakafundishwa kuogelea na kucheza, na wakapata masomo darasani. Mtoto ambaye nyumbani hakuna aliyewahi kusoma chuo alishinda kutwa ndani ya chuo, akatumia vyoo vyake, maktaba yake, bwalo lake. Mpango uliishi zaidi ya miaka 30, kisha mwaka 2006 fedha za serikali zikakatwa. Julai 2025 fedha nyingine za serikali zinazobeba programu za baada ya masomo na za kiangazi zilizuiwa kwa muda, kisha zikaachiwa mwezi uleule, kiangazi kikiwa kimefika katikati. Huwezi kumwajiri mwalimu wa hesabu kwa hela ya kubahatisha namna hiyo.

Utafiti ulionivutia kuliko yote ni ule uliofadhiliwa na Wallace Foundation na kufanywa na shirika la RAND katika miji mitano: Boston, Dallas, Jacksonville, Pittsburgh na Rochester. Ulihusu watoto wadogo kidogo, waliomaliza darasa la tatu, na kiangazi cha mwaka 2013 ulipima kilichobadilika. Hesabu zilipanda. Kusoma hakukupanda. Na faida kubwa zaidi ilionekana kwa waliohudhuria siku 20 au zaidi katika programu za wiki tano. Wapo walioandikishwa ambao hawakuonekana hata siku moja, karibu mmoja kati ya kila watano. Watafiti wakashauri programu iwe ya wiki tano au sita, na angalau saa tatu za masomo kila siku.

Sasa hamisha mambo hayo kwa mtoto wa miaka 13. Wa miaka minane utamshika mkono umpeleke. Wa 13 ameshajifunza kuumwa tumbo kila asubuhi ya Jumatatu. Hapo ndipo kikapu kinapolipa gharama yake: kinamtoa kitandani. Hakimfundishi sehemu wala nukta. Kinamfikisha mlangoni, na kuanzia mlangoni kazi ni ya mwalimu. Kocha anayelielewa hilo vizuri hujigeuza mlinzi wa mlango huo. Ukichelewa darasani, hugusi mpira.

Mwalimu naye akiwa mjanja, mpira unamrahisishia. Nani hodari wa mitupo huru, aliyepachika 7 katika 12 au aliyepachika 5 katika 8? Darasa hupiga kelele "saba!" kabla ya kukokotoa, kisha hunyamaza likikuta asilimia 58 na 62 na nusu. Kwa nini timu za NBA siku hizi zinatupa kutoka mbali hivyo? Mitupo 100 ya pointi mbili, nusu yake ikiingia, ni pointi 100. Mitupo 100 ya pointi tatu, 35 tu ikiingia, ni 105. Upo hata mchezo wa ubaoni uitwao NBA Math Hoops, unaotumia takwimu za wachezaji halisi kufundisha hesabu kuanzia darasa la tatu hadi la nane. Uandishi ndio hubaki yatima. Ni nadra kukuta programu inayomkalisha mtoto aandike taarifa ya mechi aliyocheza jana, na sioni sababu, kwa kuwa mada anayo, na hasira anayo.

Ndoto ya NBA nayo isemwe bila kuzungukwa. Katika kila wavulana 100 wanaocheza kikapu sekondari Marekani, watatu au wanne ndio hufika timu za vyuo vya NCAA. NBA nzima ni timu 30, na mikataba ya kawaida ni ya wachezaji 15 kwa timu. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kufika huko, alichaguliwa wa pili mwaka 2009, na kufikia 2014 safari yake ya NBA ilikuwa imekwisha. Dikembe Mutombo wa Kinshasa yeye alikwenda Georgetown mwaka 1987 akitaka udaktari wa tiba, mpira ukamgeuza njia. Alihitimu isimu na diplomasia, na baadaye akajenga hospitali kwao.

Kwetu Afrika Mashariki mchanganyiko huu wa darasa na kikapu una vikwazo vya aina nyingine. Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inapiga marufuku tuisheni ya likizo, na kwa sababu nzuri: watoto walikuwa wanakamuliwa mwaka mzima. Saa tatu za darasa na saa tatu za uwanja si tuisheni ile, ila anayetaka kuanzisha ajue sheria inasemaje kabla ya kuchapa fulana.

Neno langu leo ni hasa kwa wazazi wanaosema Kiswahili walioko hukohuko Marekani, familia za Kikongo zilizopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma na sasa zinaishi Louisville au Houston, baba zamu ya usiku, mama zamu ya mchana. Ukiletewa fomu ya programu kama hii, usitazame picha ya mchezaji iliyo mbele. Uliza nani anafundisha asubuhi, na kama ni mwalimu wa shule au kijana wa kujitolea. Uliza masomo ni saa ngapi kwa siku, chakula kipo, basi linapita wapi. Uliza pia mtoto akikosa darasa, mchana anaruhusiwa kucheza? Ukijibiwa kwamba anaruhusiwa, hiyo ni kambi ya mpira, ilipie kama kambi ya mpira. Na fanya hivyo mapema. Programu nyingi zinazofaa huandikisha miezi kadhaa kabla ya shule kufungwa. Ukingoja Juni, utakuta nafasi zimekwisha.