Nzi wametuvamia: tuwapunguze bila dawa ya sumu

Mwezi huu tunaongea juu ya nzi. Tangu mvua zianze, kila mzazi anayepita shuleni analeta neno lile lile: "Mwalimu, ile mainzi yanatumaliza." Na sisi tunawaona kila siku, kwenye macho ya watoto wadogo, kwenye vikombe vya uji, kwenye kidonda cha goti.

Lakini kilichotufanya tushike kalamu si nzi wenyewe, ni vile vichupa. Kuna watu wanapita na vichupa vidogo visivyo na jina, dawa ya shamba iliyomiminwa kutoka chombo kikubwa, wanasema puliza tu ndani, wote chini. Ni kweli nzi wanaanguka. Ila dawa hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya nyanya au kahawa huko wazi shambani, si kwa chumba kimoja chenye watu saba wanaolala, wanaopika na kunyonyesha humo humo. Inaingia kwa pumzi, inaingia kwa ngozi, inabaki kwenye sahani na mkeka. Mtoto akianza kutoa mate mengi, jasho, kutapika, kutetemeka, mboni za macho zikawa ndogo kama ncha ya sindano, mtoeni nje kwenye hewa, mvueni nguo, mwosheni ngozi kwa maji na sabuni, mkimbizeni kituo cha afya. Kile kichupa mkibebe, kimefungwa vizuri, ili muuguzi akione. Msimtapishe, msimnyweshe maziwa. Na dawa isiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda. Mtoto hajui kusoma, soda anaijua.

Tena dawa hiyo ni hasara. Nzi jike mmoja anataga mayai kama 100 au zaidi kwa mara moja, na maishani mwake anaweza kufikisha 500. Ndani ya siku moja yai linakuwa funza. Funza anakula uchafu siku chache, anajificha pakavu, anakuwa kama punje ya kahawia, halafu nzi mpya anatoka. Penye joto yote hayo yanaweza kuisha kwa siku 7 mpaka 10. Hapa Rusizi tofauti inaonekana: bonde la Bugarama liko chini sana, upande wa mto ni karibu mita 950 tu, mahali pa chini kuliko pote Rwanda, na joto lake tunalijua. Kule nzi wanakomaa haraka kuliko kwenye baridi ya Kamembe. Sasa wewe umeua waliokuwa ndani Jumatatu, na nyuma ya nyumba kuna funza elfu wanaosubiri zamu yao. Utanunua vichupa mpaka lini?

Kwa hiyo tuanze na mahali wanapozaliwa, na tuseme wazi bila haya: ni choo, ni takataka, ni kinyesi cha mtoto.

Kinyesi cha mtoto tunakiweka mbele kwa sababu wengi wanakidharau. Watu wanasema cha mtoto mchanga hakina neno. Wapi! Kuna aina ya nzi anayependa kutua machoni, ndiye anayesambaza ugonjwa wa macho unaoitwa trakoma, unaoweza kupofusha. Huyo hapendi kutagia ndani ya shimo la choo. Anapenda kinyesi cha mtu kilichoachwa wazi chini. Basi mtoto akijisaidia nyuma ya nyumba, mama au baba (ndiyo, na baba) achukue jembe, akipeleke chooni saa ile ile, anawe mikono kwa sabuni. Kazi ya dakika mbili.

Upande wa choo, kuna habari tunayopenda kuwasimulia wanafunzi. Mwaka 1975 kule Zimbabwe, wakati ule ikiitwa Rhodesia, mtafiti Peter Morgan alilinganisha vyoo viwili vya shimo vinavyofanana, kimoja kina bomba la hewa na kingine hakina. Kwa siku 78 walihesabu nzi waliotoka. Kisicho na bomba: 13,953. Chenye bomba: 146. Hakuna tone la dawa lililomwagwa. Siri ni hii: upepo ukipita juu ya bomba unavuta harufu kutoka shimoni, kwa hiyo nzi wa nje wanaenda kwenye bomba badala ya mlango. Na wale waliozaliwa shimoni wanafuata mwanga. Ndani ya choo kukiwa na giza, mwanga wanaouona ni wa juu ya bomba, wanapanda huko, wanakuta wavu, wanafia hapo. Ndiyo maana tunawaomba msichane wavu wa bomba, na msitoboe shitingi ya choo ili kupata mwanga. Wanaotoboa wana sababu yao, watoto wanaogopa giza. Basi mzazi amsindikize na tochi, kuliko kuwafungulia nzi mlango.

Choo kisicho na bomba kinataka kifuniko cha kukaa sawa sawa juu ya tundu, na kopo la majivu pembeni. Kila mtu akimaliza, mkono mmoja wa majivu. Funza anapenda ulaini, majivu yanakausha. Makaa tunapikia kila siku, majivu hayanunuliwi.

Takataka za jikoni, hasa matumbo ya samaki na maganda ya ndizi, zifukiwe siku ile ile, na udongo wa juu ukanyagwe. Hapa lazima tuseme juu ya sambaza. Wanatoka ziwani Kivu, ni chakula kizuri kwa watoto, wala hatuna ugomvi na mama wanaowauza. Lakini maji ya kuoshea sambaza yakimwagwa mbele ya mlango, nzi wa mtaa wote wanapata mwaliko. Yamwagwe shimoni, na kapu lifunikwe kwa kitambaa safi.

Sasa mtego, huu hata watoto wanaweza kuutengeneza. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, kata sehemu ya juu, igeuze shingo chini uiingize ndani ya chupa kama mrija wa kujazia mafuta. Ndani weka maji kidogo, kipande cha samaki aliyeoza, na tone la sabuni ili nzi wazame. Masira ya kasikisi nayo yanavuta sana. Nzi anaingia kwa harufu, hajui kutoka. Utundike nje, juani, mbali na mlango na jiko hatua kumi au kumi na tano. Ukiuweka ndani unawaita ndani. Baada ya siku nne mwaga maji ya moto humo, kisha fukia vyote, la sivyo mtego wenyewe utazaa funza.

Asidhani mtu kwamba ni mchezo wa watoto. Jeshi la Israeli lilijaribu mitego ya chambo kwenye kambi zake, na matokeo yakatolewa mwaka 1991: nzi walipungua asilimia 64, askari waliokwenda kutibiwa kuhara wakapungua asilimia 42, na ugonjwa wa kuhara damu asilimia 85. Wadudu wa kuhara damu hata wasiofika 100 wanatosha kumlaza mtu, na mguu wa nzi unawabeba hao kwa urahisi. Wazee wetu wanakumbuka Goma ya mwaka 1994, wakimbizi karibu 50,000 walikufa ndani ya mwezi wa kwanza. Kule kosa kubwa lilikuwa maji machafu na kipindupindu, kisha kuhara damu kukafuata. Nzi hakuanzisha, lakini penye vinyesi vya wazi naye anapata kazi.

Wengine wanachoma majani ya mkaratusi ndani. Nzi wanatoka kweli, moshi ukiisha wanarudi, na kifua cha mtoto kimebaki na moshi. Wengine wanatundika mfuko wa maji mlangoni. Hatujaona faida, na mifuko ya plastiki imekatazwa Rwanda tangu 2008, utajitafutia kesi juu ya nzi. Bora kipande cha neti ya mbu iliyochakaa kabisa kwenye dirisha (nzima ibaki kitandani), ila msifunikie nayo chakula, kwa sababu imewekwa dawa. Chakula kifunikwe kwa sahani.

Nyumba moja peke yake haiwezi. Nzi hahitaji karatasi ya mpaka, anaruka kilomita moja au zaidi akitaka. Kwa hiyo Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, tutaanzia kwenye vyoo na mashimo ya takataka, safu kwa safu. Mwenye mbao aje nazo tutengeneze vifuniko. Watoto walete chupa tupu shuleni Ijumaa, mikasi tunayo, kukata watatuachia sisi.