Sadaka za New Britain na Vilima vya Kambui

Msafiri aendaye kwa basi kutoka Nairobi mpaka Thika hupita Ruiru, na siku hizi huona majumba mapya yamesimama pale palipokuwa mashamba ya kahawa. Akishuka Ruiru na kushika njia ya kaskazini-magharibi, ipandayo vilimani, atafika Kambui. Huko iko shule ya sekondari ya wasichana, na shule ya watoto viziwi, na kanisa la Presbyterian. Wengi wapitao hapo hawajui kwamba asili ya mambo hayo ni sadaka za watu wa mji mmoja wa viwanda huko Marekani, watu ambao karibu wote hawakuiona Afrika hata siku moja.

Mji wenyewe ni New Britain, katika jimbo la Connecticut, uliojulikana kwa kutengeneza makufuli, bawaba na zana za maseremala. Kutoka katika kanisa moja dogo la mji huo kilizaliwa chama cha kupeleka Injili kiitwacho Gospel Missionary Society, na karibu na mwaka 1899 Bwana William Knapp na mkewe wakafika katika nchi ya Wakikuyu.

Walifika wakati mbaya. Ndui na njaa kuu vilikuwa vimeingia pamoja, na watu wengi mno walikufa. Wakikuyu waliiita njaa hiyo Ng'aragu ya Ruraya, yaani Njaa ya Ulaya, na jina hilo laonyesha jinsi wageni walivyotazamwa. Bwana Knapp alikaa kwanza Thembigwa, karibu na Kiambu, kisha akahamia Kambui. Baadaye kikafunguliwa kituo kingine huko Ng'enda, upande wa Gatundu, magharibi ya Thika. Reli ya kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913 tu.

Chama hiki kilikuwa kidogo, wala hakikuweza kushindana na Waskoti wa Thogoto. Lakini kilifundisha kusoma, na hilo lilitosha kugeuza mambo. Wakristo wa kwanza hawakuitwa kwa jina la dini yao. Waliitwa athomi, yaani wasomaji. Mmoja wa watoto waliosoma Kambui alikuwa Harry Thuku. Mwaka 1911 alikwenda Nairobi kutafuta kazi, na mwaka 1921 akaanzisha chama cha kupinga kodi, kipande na kazi za kulazimishwa. Alipokamatwa mwezi wa Machi 1922, umati uliokusanyika mbele ya kituo cha polisi ulipigwa risasi, na yeye akapelekwa Kismayu. Katika uzee wake alikuwa mkulima mashuhuri wa kahawa. Hakika watoa sadaka wa New Britain hawakuyawazia hayo walipolipia vitabu vya shule!

Mwaka 1929 ukaja mtihani mkubwa. Misheni kadhaa ziliwataka washiriki wao waape kuiacha tohara ya wasichana, na asiyejua kuandika aweke alama ya kidole gumba. Ndipo walioapa wakaitwa Kirore, yaani watu wa kidole. Kwamba desturi ile iliwadhuru wanawake, wamisheni walisema kweli, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeikataza kabisa. Bali kumwekea mtu karatasi mbele yake, kwamba atie kidole au atoke, na watoto wake watoke shuleni, lilikuwa shauri lisilo na busara. Wazee waliokuwa tayari wameona ardhi yao ikichukuliwa hawakupenda kutia kidole katika karatasi ya mgeni. Kambui na Ng'enda zikapata hasara kuu. Wengi wa washiriki wao wakaondoka.

Walioondoka hawakuacha kusoma. Walijijengea shule zao wenyewe kwa michango yao, mwenye shilingi akatoa shilingi, mwenye mbuzi akatoa mbuzi, na mwaka 1934 wakaunda chama cha shule za Kikuyu zilizo huru. Mwaka 1939 wakafungua chuo cha waalimu huko Githunguri, si mbali na Kambui. Basi kazi ile ile iliyofanywa na mafundi wa makufuli wa Connecticut, wakulima wa Kiambu waliifanya kwa mifuko yao.

Mwaka 1946 Gospel Missionary Society iliikabidhi kazi yake kwa Kanisa la Presbyterian la Afrika ya Mashariki, na Kambui na Ng'enda zikaingia katika kanisa hilo. Sharika za kanisa hilo zimevuka mpaka hata Tanzania. Mkulima wa Gatundu atiapo sadaka yake kikapuni siku ya Jumapili, huenda sehemu yake ikawafikia watu asiowajua, katika kijiji ambacho hatakiona kamwe.