Kiti cha Enzi na Mtoto wa Siku Mia

Kila nisikiapo ugomvi wa mirathi hukumbuka tarikhi ya wafalme wa Uchina wa ukoo wa Han.

Mwaka 106 mtoto Shang alitawazwa akiwa na umri wa siku kama mia moja. Mwaka haukuisha akafa. Mwenye kushika hatamu hasa alikuwa Bibi Deng, mjane wa mfalme aliyetangulia. Akamteua mtoto mwingine wa miaka kama 12, naye akaendelea kutawala hadi alipofariki mwaka 121.

Desturi ndiyo hiyo: mfalme akifa bila mrithi mzima, mjane ndiye mteuzi. Naye hupendelea mtoto, kwani mtoto haulizi. Nyuma ya mjane husimama ndugu zake, na jeshi li mikononi mwao.

Mwaka 145 zamu ilimfikia Zhi, mtoto wa miaka kama 7. Huyu alikuwa mwerevu. Siku moja mbele ya wakuu alimwita Jemadari Liang Ji, kakaye mjane mtawala, kuwa ni mjeuri. Mdomo huponza kichwa: mwaka 146 akalishwa sumu, akafa.

Aliyemfuata, Huan, alivumilia miaka 13, kisha mwaka 159 akamwangusha Liang Ji kwa msaada wa matowashi wa jumbani. Lo! Matowashi nao wakageuka mabwana. Mwaka 220 dola ya Han ikakoma.

Sisi tumefunzwa kuiogopa mali ya yatima. Mimi naona ufalme wa mtoto nao ni mali ya yatima: aulaye ala moto.